Mzunguko wa Manaslu: mwongozo kamili wa kupanga safari ya kuvuka Larkya La

Manaslu ni mlima wa nane kwa urefu duniani, mita 8,163, nao uko wilaya ya Gorkha nchini Nepal, jirani na mpaka wa Tibet. Safari inayoelezwa hapa haiupandi. Inauzunguka: unaufuata mto Budhi Gandaki kutoka bondeni kwenye joto la migomba, unapita vijiji vya watu wa Nubri wenye lugha na dini ya Kitibeti, unavuka Larkya La kwenye mita 5,106, kisha unateremkia upande wa Annapurna. "La" kwa Kitibeti ni kipito, yaani pale mgongo wa milima unapoinama kidogo mtu akapata pa kuvukia.

Aliyewahi kufika Uhuru huuliza haraka: mita 5,106 ni nini mbele ya 5,895? Swali ni la haki, ila linapima kitu kisicho chenyewe. Kilimanjaro mtu akizidiwa huteremshwa, na jioni ileile yuko kwenye hewa nzito. Manaslu, ukiwa Dharamsala, kituo cha mwisho cha kulala, usiku wa kuamkia kipito, barabara ya gari iko mbali kwa mwendo wa siku kadhaa ukirudi nyuma, na ukienda mbele lazima kwanza upande. Ndiyo maana safari hii huharibikia kwenye kalenda kabla ya kuharibikia miguuni. Karibu kila kosa linaloonekana juu lilifanyika mezani, pale mtu alipokata siku mbili ili kuokoa pesa au likizo.

Chagua majira, kisha hesabu siku

Majira ni mawili: mwisho wa Septemba hadi Novemba, na Machi hadi Mei. Oktoba ndiyo safi kuliko yote na ndiyo yenye msongamano. Novemba kuna nafasi zaidi na baridi zaidi. Machi theluji ya zamani huwa bado imelala kipitoni. Aprili maua ya rododendroni huchanua misituni lakini mawingu hupanda mchana. Juni hadi Septemba mvua za masika ya huko huleta ruba na maporomoko ya ardhi. Kati ya Desemba na Februari theluji huweza kukufungia njia kabisa.

Hata Oktoba haiaminiki moja kwa moja. Mwaka 2014, katikati ya mwezi huo, masalia ya kimbunga Hudhud kutoka Ghuba ya Bengal yalimwaga theluji upande wa Annapurna na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao kwenye kipito cha Thorong, jirani ya Larkya. Kimbunga kikitajwa kwenye ghuba hiyo, msafara ukae kijijini hata kama juu ya vichwa vyenu mbingu ni bluu.

Hesabu inayofaa kwa mtu anayetoka Afrika Mashariki ni siku 20 ukiwa Nepal: mbili za kufika na kushughulikia vibali, 14 za njia pamoja na magari, mbili za akiba juu mlimani, na mbili Kathmandu kabla ya ndege. Kampuni nyingi huuza mzunguko huu kwa siku 12 au hata 10. Zinachokata ni siku za kupumzika Sama (Sama Gaon) na Samdo, vijiji vya juu kabla ya kipito, yaani zile zile zinazokuvusha.

Vibali, na kosa la siku saba

Manaslu ni eneo lenye masharti. Huruhusiwi kwenda peke yako. Kibali huombwa na wakala aliyesajiliwa Nepal, na lazima uongozwe na kiongozi mwenye leseni. Kanuni za eneo hili, ikiwemo ya idadi ndogo ya wasafiri kwenye kibali kimoja, hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo msafiri wa peke yake amuulize wakala kabla ya kulipa chochote. Zinazohitajika ni hizi:

- Kibali cha eneo lenye masharti: kuanzia Septemba hadi Novemba ni dola 100 kwa siku 7 za kwanza na dola 15 kwa kila siku inayozidi, miezi mingine dola 75, kisha dola 10 kwa siku.
- Ada ya hifadhi ya Manaslu: rupia 3,000.
- Ada ya hifadhi ya Annapurna, kwa sababu unatokea upande wake: rupia 3,000.
- Halmashauri ya vijijini nayo hutoza ada yake ndogo njiani.

Kosa liko kwenye mstari wa kwanza. Wakala huandika siku 7 ili bei ipendeze. Lakini kutoka Jagat, ambako kibali hukaguliwa, hadi kuvuka Larkya kwa ratiba iliyo hapa chini ni siku 9. Omba 11: dola 100 na 60 juu yake. Kibali kinachokaribia kuisha humfanya kiongozi akuharakishe mahali ambapo hupaswi kuharakishwa.

Kibali hutolewa Kathmandu na Idara ya Uhamiaji kwa pasipoti yako halisi yenye viza. Angalia sikukuu ya Dashain, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Ofisi za serikali hufungwa siku kadhaa, na wapagazi wengi huwa wamekwenda kwao.

Viza hupatikana uwanja wa ndege wa Kathmandu kwa wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Chukua ya siku 30. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Maswali ya kumuuliza wakala

Bei ya chini na bei ya juu hutofautiana kwa mambo yasiyoonekana kwenye picha. Taka majibu kwa maandishi: ratiba ina malazi mangapi juu ya mita 3,000? Siku ya akiba ikitumika, nani anamlipa kiongozi na mpagazi? Mpagazi ana bima, koti, viatu na mahali pa kulala? Nani atatangulia Dharamsala kushika vyumba? Usafiri wa kurudi kutoka Dharapani, mwisho wa kutembea, ni jeep ya pamoja au ya kwenu?

Kiongozi hulipwa takriban dola 30 kwa siku, mpagazi dola 20 hadi 25. Mpagazi mmoja hubebea wasafiri wawili, kwa hiyo begi lako kubwa lisizidi kilo 12. Ukiona bei imeshuka sana, kuna mtu anayeilipia kwa mgongo wake, na mara nyingi ni mpagazi aliyepakiwa mizigo ya watu watatu.

Bima

Soma kikomo cha mwinuko. Unahitaji bima inayotaja matembezi ya milimani hadi mita 6,000 pamoja na uokoaji wa helikopta. Bima ya kawaida ya safari haikufikishi hapo, hata kama wakala wake anasema "inafunika kila kitu". Chapisha namba ya dharura ya bima na namba ya mkataba wako wa bima, nakala moja kwako, moja kwa kiongozi.

Bima ipigiwe simu kabla helikopta haijaitwa. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza mtandao wa udanganyifu ambamo watalii wenye maumivu madogo walirushwa kwa helikopta ili bima zilipishwe. Anayekushawishi urushwe ukiwa na kuhara tu, muulize kwanza kwa nini.

Afya: anza na kipimo cha damu

Miongozo iliyoandikwa Ulaya hupita hapa kwa haraka. Kwetu ukanda wa ziwa na pwani una wabebaji wengi wa selimundu wasiojijua. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende. Mbebaji tu, mwenye jeni moja ya selimundu, ambaye nyumbani haumwi kitu, anaweza kupata mshtuko wa bandama kwenye mwinuko mkubwa: maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, homa, kutapika. Kipimo hufanyika hospitali yoyote yenye maabara nzuri. Pima miezi minne kabla, ukijua majibu uzungumze na daktari.

Jambo la pili ni malaria. Nepal juu hakuna mbu wake, lakini unaweza kwenda nayo mwilini kutoka nyumbani. Homa kali na kutetemeka siku ya nane ya safari, kiongozi wa Kinepali atafikiri ni mafua au mwinuko. Beba vipimo viwili vya haraka na dozi kamili ya dawa mseto.

Acetazolamide, inayouzwa pia kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea hewa nyepesi: miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kulala juu ya mita 3,000, hadi umevuka na kuanza kuteremka. Vidole huchonyota, mkojo huja mara kwa mara, soda hupoteza ladha. Hayo ni ya kawaida. Ni dawa ya ukoo wa salfa, kwa hiyo kama uliwahi kubabuka kwa Septrin au Fansidar mwambie daktari kabla. Ijaribu nyumbani siku mbili.

Mazoezi

Wiki 12 zinatosha kwa mtu mwenye afya. Siku nne kwa wiki: mbili za kutembea haraka au kukimbia kwa dakika 45 hadi 60, moja ya ngazi na begi la kilo 8, moja ndefu ya saa tano au sita kwenye vilima, Ngong, Uluguru au Usambara, popote penye mteremko. Watu hujiandaa kupanda wakasahau kushuka. Siku ya Larkya unateremka mita 1,500 kwa mkupuo, na magoti yasiyozoea huanza kutetemeka kabla ya nusu. Kwenye ngazi, hesabu za kushuka.

Meru (mita 4,566) au Point Lenana (4,985) mwezi mmoja kabla ni jaribio zuri la vifaa na tumbo. Hayakuzoezi hewa: kuzoea huyeyuka ndani ya wiki chache ukirudi chini.

Vifaa

Mitaa ya Thamel, Kathmandu, hukodisha mfuko wa kulalia na koti la manyoya ya bata kwa dola moja au mbili kwa siku kila kimoja, kwa hiyo usinunue nyumbani. Visivyokodishwa ni viatu. Njoo navyo vikiwa vimetembea angalau kilomita 100.

Mfuko wa kulalia uwe wa kiwango cha starehe cha nyuzi 15 chini ya sifuri. Nguo za ndani za sufu jozi mbili, fulana mbili, sweta moja nene, koti la manyoya, koti na suruali za kuzuia mvua na upepo, suruali mbili za kutembelea, soksi nne, glavu nyepesi na nzito, kofia ya baridi, miwani ya jua yenye kinga kamili. Fimbo mbili. Minyororo yenye meno inayovaliwa juu ya viatu, ya kushukia barafu ya Larkya. Wengi huiacha Kathmandu kwa sababu haikuhitajika jana, kisha huteremka kwa makalio. Taa ya kichwani na betri za akiba, ambazo usiku hulala nawe ndani ya mfuko. Chupa mbili za lita moja, moja ikiwa ngumu ya kuvumilia maji ya moto. Vidonge vya klorini ni vya kuaminika kuliko chujio: chujio likiganda mara moja hupasuka ndani bila kuonekana.

Pesa taslimu utoe Kathmandu. Kama chakula hakimo kwenye mkataba, weka rupia 3,500 hadi 5,000 kwa siku, pamoja na akiba ya siku tatu.

Laini ya simu inunuliwe ya Nepal Telecom. Juu inashika mahali pachache, nyingine hazishiki kabisa.

Njia, siku kwa siku

*Siku 1.* Kathmandu hadi Machha Khola (takriban mita 900), saa nane hadi kumi kwenye gari kupitia Arughat. Barabara inasogea juu mwaka hadi mwaka, na jeep nyingine hupita hapo. Kupandishwa na gari huku chini hakuna madhara. Siku utakayookoa ihamishie Sama.

*Siku 2 hadi 4.* Jagat (1,340), Deng (1,860), Namrung (2,630). Siku ndefu, kilomita 20 hivi kila moja, joto, madaraja ya kamba za chuma. Kitovu cha tetemeko la 25 Aprili 2015, la ukubwa wa 7.8, kilikuwa Barpak, wilaya hii hii, na miteremko mingi bado haijatulia. Sehemu zenye mawe mapya zivuke asubuhi, mmoja mmoja, bila kusimama kupiga picha. Nyumbu wa mizigo wakija, kaa upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Mzigo wao hukusukuma bila wao kujua. Baada ya kijiji cha Philim njia ya bonde la Tsum hujitenga kulia. Nayo ina kibali chake.

*Siku 5 na 6.* Lho (3,180), kisha Sama Gaon (3,520). Lho amka kabla ya jua: Manaslu huonekana mzima nyuma ya monasteri. Kuanzia sasa kuna kuta za mawe yaliyochongwa sala. Zipite zikiwa mkono wako wa kulia.

*Siku 7.* Pumziko Sama. Kupumzika hapa ni kupanda mchana na kulala chini. Kambi ya wapanda mlima iko karibu mita 4,800, ni ngumu na ndefu. Mwenye kichwa kizito aende ziwa la Birendra au monasteri ya Pungyen na kurudi.

*Siku 8 na 9.* Samdo (3,875), saa tatu tu, na usiku wa pili palepale. Watu hutaka kuruka siku ya tisa kwa sababu Samdo ni kijiji kidogo chenye upepo. Juu ya mita 3,000 mwinuko wa kulala usipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kutoka Samdo hadi Dharamsala ni karibu 600. Ule usiku wa pili ndio unaolipia ziada hiyo.

*Siku 10.* Dharamsala (4,460). Vyumba vichache vya mawe na mahema. Oktoba hujaa saa sita mchana, na wanaochelewa hulala sebuleni. Kula mapema. Usiku huu karibu kila mtu hulala vibaya, na kushtuka ukivuta pumzi ndefu ni kawaida.

*Siku 11.* Anzeni saa tisa au kumi alfajiri. Ni mita 650 za kupanda juu ya kifusi cha barafu ya kale, mteremko wa pole lakini usioisha, wenye vilele vya uongo. Oksijeni ni takriban nusu ya ile ya Mombasa. Lengo ni kuwa kipitoni kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu baadaye upepo hupanda. Msikae zaidi ya dakika 20. Hatari ya siku hii ni saa ya kwanza ya kushuka: changarawe telezi juu ya barafu, kivuli, na miguu iliyokwisha choka. Bimthang (3,590) mtafika mchana au jioni. Jumla ni saa nane hadi kumi.

*Siku 12 hadi 14.* Tilije (2,300), Dharapani (1,860), jeep hadi Besisahar, basi hadi Kathmandu.

Chakula na maji

Dal bhat, yaani wali, dengu na mboga, huongezwa bure hadi ushibe, hupikwa upya kila siku, na hukupa wanga ambao mwinuko unaudai. Ukishapita Jagat kwenda juu, nyama iache. Hupandishwa mgongoni bila barafu. Anayekosa ugali aulize dhindo, uji mgumu wa unga wa mahindi, ulezi au ngano nyeusi. Mkono utautambua kabla ya ulimi. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku.

Mwinuko ukikataa

Kichwa kinauma, hamu ya kula imekwisha, usingizi mbovu: huo ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vingine. Usipande. Ukipona baada ya siku moja, endelea. Usipopona, shuka mita 300 hadi 1,000.

Mambo mawili hayasubiri asubuhi. La kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anajibu hovyo, hawezi kutembea mstari mnyoofu kisigino kwa kidole. La pili ni maji mapafuni: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo imebadilika rangi. Kwenye ngozi nyeusi ubluu huonekana ndani ya mdomo na kwenye kucha, wala usiutafute usoni. Shusheni usiku uleule, naye asiwe peke yake. Dawa za kiongozi au za daktari wenu hununua saa chache tu: deksamethasoni miligramu 8 kisha 4 kila baada ya saa sita kwa ubongo, nifedipine ya kuyeyuka taratibu miligramu 30 kila baada ya saa 12 kwa mapafu.

Mgonjwa akiwa Dharamsala anarudi Samdo. Wazo la "tumvushe, upande wa pili ni chini zaidi" limeua watu milimani, kwa sababu kabla ya huo upande wa pili kuna zile mita 650. Helikopta hairuki usiku wala kwenye wingu, hivyo kushuka kwa miguu kuanze wakati simu zinapigwa.

Siku ya mwisho

Bakshishi hutolewa jioni ya mwisho mlimani, kwa bahasha, kila mtu yake mkononi. Usimpe kiongozi awagawie wapagazi. Nguo na viatu mnavyowaachia viwe vinavyofaa kuvaliwa. Jeep ya Dharapani ikodishwe jioni iliyotangulia, kwa sababu asubuhi huondoka zikijaa, na anayekosa hulala hapo usiku mmoja zaidi. Kaa upande wa ndani wa gari kama unaogopa korongo. Sehemu kubwa ya njia hiyo imechongwa kwenye mwamba, na tairi la nje hupita karibu na ukingo.